Fedha ya Hori la Bi Mariama

Ampisikina, Mahajanga
4 Machi 2014

Ansoifa mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Habari za watoto na za mume utaniambia baadaye. Kwanza tufanye kazi, maana nakujua: ukianza na habari za mtaa, boksi hili litakaa barazani kwako mpaka mbuzi walitafune.

Ndani ya boksi mna chupa. Usizifungue kabla hujamaliza kusoma. Naandika Kiswahili makusudi, kwa sababu Athoumani ni dereva mzuri wa teksi-brusi lakini kila barua anayopewa huisoma kwanza. Kifaransa anajua, Kisakalava ndicho chake, Kikomoro anabahatisha. Kiswahili cha Ng'ambo, tulichokulia kwa bibi kule Unguja, hakimwingii kabisa. Mwache aitazame mpaka macho yamuume.

Sasa sikia. Uliponipigia simu unalia kwamba chaza hawanati tena kwenye kamba zenu za kufugia, na kwamba wanawake wa kikundi wanataka kuvunja kikundi, mimi tayari nilikuwa na shaka yangu. Ile hoteli mpya hapo Andilana inajisifia taulo zisizonuka hata zikilala mbichi. Taulo za namna hiyo hutiwa fedha, madini yale yale ya pete na bangili, ila kiwandani yamefanywa chembe ndogo mno zinazoitwa nano, hata darubini ya kawaida haizioni. Fedha huua vijidudu, ndiyo maana taulo hainuki. Lakini taulo ikifuliwa, chembe hutoka. Maji ya dobi yanapita bombani, bomba linamwaga ndani ya hori, ule mkono wa bahari, na humo horini, kati ya mikoko, ndimo zilimo kamba zenu. Mtoto wa chaza hanati popote tu. Hutafuta ule utelezi unaoota kwenye mizizi na kamba, na utelezi ule ni vijidudu vitupu. Vikifa, mtoto wa chaza anapita zake.

Hayo ni mawazo yangu, na ofisi ya meya haitaki mawazo. Inataka vipimo, na kikao chenu na hoteli ni Septemba. Kwa hiyo nijazie chupa za kifuniko chekundu kwenye hori la hoteli, na za kifuniko cheupe kwenye hori la juu, lile la mama mkwe wako, ambalo halina bomba wala nyumba. La juu litatuonyesha maji yasiyoguswa yakoje. Vaa glavu. Suuza chupa kwa maji ya hori lenyewe kabla ya kuijaza. Na vua vito vyote: pete, hereni, bangili, hata kikuku. Fedha kidogo ya mwilini mwako inatosha kuniharibia kazi yangu yote.

Hili tunalishinda, usiwe na wasiwasi.

Dada yako,
Laïla


Andilana, Nosy Be
21 Machi 2014

Dada Laïla,

Waalaykum salaam, ewe mwenye haraka. Watoto wazima, mume mzima, mbuzi hawakula boksi.

Nilivua vito vyote. Soulé aliponiona sina pete akauliza kama nimemwacha. Nikamwambia ni amri ya maabara, akacheka mpaka akakohoa. Ndoa yangu sasa inategemea vipimo vyako, kwa hiyo fanya upesi.

Hori la hoteli halikunipa taabu, maji yalikuwa yanapwa, nikaingia mpaka magotini nikajaza. Harufu ya sabuni unaisikia tangu njiani. Zile kamba zetu ni safi, dada, safi kama zimetoka dukani, na hilo ndilo linalonitisha. Kamba iliyokaa baharini tangu mwaka jana haitakiwi kuwa safi.

Hori la juu mama mkwe mwenyewe alinisindikiza. Bi Mariama hawezi kumwacha mtu aende kule peke yake, hata mkwewe. Tulichota kwa adabu na chupa nyeupe zote zimejaa. Athoumani ameahidi kuziweka kwenye barafu ya samaki mpaka Mahajanga.

Kikundi kimekubali kungoja Septemba. Nimewaambia dada yangu ni daktari wa maji. Usiniangushe.

Ansoifa


Ampisikina, Mahajanga
2 Mei 2014

Ansoifa,

Nimekaa na karatasi hii siku nzima nikitafuta namna ya kukuandikia kwa upole, na upole sikuupata. Basi nasema.

Chupa nyekundu zina fedha, kama nilivyosema. Nilipoona hivyo nilitoka maabara nikaenda kujinunulia sambusa kujipongeza. Niliporudi mashine ilikuwa imemaliza chupa nyeupe. Zina fedha nyingi kuliko nyekundu. Maji ya hori lisilo na bomba yana fedha nyingi kuliko maji ya chini ya bomba. Unanielewa? Kama matokeo ndiyo haya, hoteli haina kosa lolote.

Niambie kweli, ulichanganya vifuniko? Ulikuwa na haraka? Ulimpa mtoto ajaze? Sikugombezi, lakini nataka kujua. Profesa Ibouroi, mkuu wa maabara yetu, amekwisha kuwapelekea hoteli nakala, kwa kuwa masharti ya kikao ni pande zote mbili zione kila kipimo. Kwa hiyo mkurugenzi wa hoteli anayo karatasi yangu mkononi sasa hivi, na anaipenda kuliko ninavyoipenda mimi.

Nakuletea chupa mpya. Safari hii tafadhali, polepole.

Laïla


Andilana, Nosy Be
16 Mei 2014

Dada Laïla,

Sikuchanganya. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma majina ya wanafunzi darasani kule Unguja, wewe ulikuwa unapotea njia ya kurudi nyumbani. Nyekundu ni nyekundu na nyeupe ni nyeupe. Barua yako iliniuma na sitaficha.

Mkurugenzi ametualika chai, wanawake wote wa kikundi. Alitupa biskuti, kisha akatoa karatasi yako. Akasema kwa Kifaransa kizuri kwamba fedha ni ya ardhi ya Nosy Be yenyewe, imo kwenye udongo tangu dunia iumbwe, hata kule wasikofika watu imo, na daktari wa kwetu ndiye aliyethibitisha. Sitti, mwenzetu wa kikundi, akanigeukia akanitazama. Mimi nikatazama biskuti.

Wawili wamekwisha kujitoa kwenye kikundi. Tuliobaki tuna kamba tupu na maneno.

Chupa mpya nimezijaza polepole kama ulivyotaka, nyekundu kule na nyeupe kule, na Bi Mariama alikuwepo tena. Kama jibu litakuwa lile lile, basi mkurugenzi amesema kweli na tuache.

Ansoifa


Ampisikina, Mahajanga
20 Juni 2014

Mdogo wangu,

Jibu ni lile lile, na hatuachi.

Nisamehe kwa ile barua. Hukuchanganya kitu. Nilikuwa nakutafuta makosa wewe badala ya kuyauliza maji. Sasa nimeyauliza, na sikiliza yalivyojibu.

Nimepitisha maji kwenye chujio lenye matundu madogo kuliko chembe zenyewe. Maji ya hori la hoteli yalipopita, fedha ilibaki juu ya chujio. Hizo ni chembe, mali ya kiwanda, hakuna udongo wa Nosy Be unaotoa kitu hicho. Maji ya hori la juu yalipopita, fedha yote ilipita nayo, haikubaki hata kidogo. Ile imeyeyuka, kama chumvi. Si chembe. Fedha hizi mbili hazina undugu.

Tena ya juu imeongozana na shaba. Shaba kidogo, fedha nyingi, na uwiano wao haukubadilika mara zote mbili. Maumbile hayapimi hivyo, Ansoifa. Hivyo hupima sonara. Fedha yenu ya hori la juu imetoka kwenye kitu kilichotengenezwa na mtu, kikalala ndani ya maji yangu.

Ulivaa pete. Sema tu. Najua Soulé alilalamika, na mke mwema humsikiliza mume wake. Sitakasirika, wallahi. Niambie ulivaa pete, nitaandika kwenye ripoti kwamba chupa nyeupe zimeharibika, tutachota upya, na mkurugenzi atakula biskuti zake peke yake.

Laïla


Andilana, Nosy Be
3 Julai 2014

Dada Laïla,

Ramadhani njema kwako na kwa wote Ampisikina. Nakuandikia nikiwa na njaa, kwa hiyo nitasema kweli.

Sikuvaa pete. Ni sarafu.

Hori la juu lina wenyewe. Mikokoni kule wamezikwa wakubwa wa ukoo wa kina Soulé, na maji yake hayachotwi hivi hivi. Mtu akiyahitaji humwambia Bi Mariama. Jioni yeye huchota ndoo moja, hutumbukiza ndani sarafu ya fedha ya wazee, ile nzito ya zamani yenye uso wa mfalme wa Kifaransa, huwataja wakubwa mmoja mmoja na kuwaomba ruhusa. Ndoo hulala na sarafu yake. Asubuhi anaitoa, na maji ni yako. Chupa zako nyeupe nilizijaza kwenye ndoo ile, mara zote mbili. Pete nilivua kama ulivyoniamuru. Ya sarafu hukusema, na mimi sikukuambia.

Utaniuliza kwa nini. Unakumbuka harusi yangu? Baba yetu Mzee Soudjay alisema mbele ya watu kwamba nimeolewa na watu wanaosalimia maji. Watu walicheka. Wewe pia ulicheka, dada, nilikuona. Tangu siku ile niliapa kwamba nyumba ya mume wangu sitaitoa nje ili ichekwe tena Ampisikina. Bi Mariama anaswali swala zake tano na amefunga leo kama mimi, na hori analiombea ruhusa kama alivyofundishwa na mama yake. Mimi sioni tatizo. Lakini nilijua nyinyi mtaliona.

Sasa nakuomba kitu. Andika kwamba nilichanganya chupa. Andika mimi ni mzembe, sijui kusoma rangi. Nitasimama mbele ya meya nikubali. Mkurugenzi akijua habari ya sarafu atamfanya mama mkwe wangu kuwa mchawi, na hilo silitaki hata kama kamba zetu zitakaa tupu mpaka kiyama.

Ansoifa


Ampisikina, Mahajanga
14 Julai 2014

Ansoifa wangu,

Nilicheka, ndiyo. Nimeona haya kusoma, na nimesoma mara nyingi.

Lakini siandiki kwamba ulichanganya chupa. Kwanza ni uongo. Pili, huoni ulichonipa? Mkurugenzi anasema fedha ni fedha, yote ya ardhini. Mimi sasa naweza kusimama nikasema: hapana bwana, fedha ya sarafu naijua, hupita chujio na huongozana na shaba. Fedha ya taulo naijua, hubaki juu ya chujio na iko peke yake. Nimezipima zote mbili kwa mashine moja na sijachanganya. Hakuna mtu katika maabara yetu aliyewahi kufikiria kupima sarafu. Mama mkwe wako amenipimia bila kujua. Nikiificha sarafu, chupa nyeupe zinabaki kuwa ushahidi wa hoteli. Nikiitaja, zinakuwa ushahidi wetu.

Walakini sarafu si yangu, na hori si langu. Siwezi kuitaja bila idhini ya mwenyewe. Mpelekee Bi Mariama kwezi yangu, salamu ya heshima, mkono kichwani, kama tulivyofundishwa. Mwambie ninaomba mambo mawili. La kwanza, ruhusa ya kusema mbele ya watu yale afanyayo, kwa maneno atakayoyachagua yeye. La pili, maji ya hori lake yaliyochotwa horini moja kwa moja, yasiyopita ndooni. Aombe anavyoomba, sarafu aiweke anapotaka, ila isikutane na chupa.

Akikataa, tumekwisha, na nitakubali. Lakini nadhani hatakataa. Mtu anayeomba ruhusa kila achotapo maji anajua ugumu wa kuomba.

Laïla


Andilana, Nosy Be
1 Agosti 2014

Dada Laïla,

Idi mbarak. Nilimweleza Bi Mariama yote, mpaka ya mashine na shaba. Alinisikiliza huku anachambua mchele, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akauliza: "Huyo dada yako ndiye aliyecheka harusini?" Nikasema ndiye. Akasema: "Aje anisalimie mwenyewe siku moja, salamu za karatasi hazishibi." Kisha akachambua mchele tena, na mimi roho mkononi.

Baada ya swala ya alasiri akaniita. Akavaa kitambaa chake, akashika sarafu, tukaenda hori la juu. Safari hii hakuchota ndoo. Aliingia majini mpaka kiunoni na umri ule, sarafu kaibana kwenye kiganja, akaomba kwa mdomo tu, muda mrefu. Halafu akanionyesha nisogee mbali, pale maji yanapotoka bahari kubwa. "Hapo jaza, haijagusa."

Boksi ndilo hilo. Kuhusu kusema mbele ya watu, hakunijibu ndiyo wala hapana. Alisema atakuja kikaoni.

Ansoifa


Andilana, Nosy Be
26 Septemba 2014

Dada Laïla,

Profesa Ibouroi atakupa habari za kikao, lakini yule ni mtu wa karatasi. Wewe ulibaki huko na mitihani ya wanafunzi wako, kwa hiyo ngoja nikupe yaliyotokea.

Ukumbi wa ofisi ya meya ulijaa. Hata wale wawili waliojitoa walikuja, wakakaa nyuma. Profesa akasoma vipimo vya mwisho: hori la hoteli lina chembe, utelezi wake umekufa, hori la juu, zile chupa za tatu, halina fedha ya kupimika. Nikashusha pumzi. Ndipo mkurugenzi akasimama na karatasi yako ya Mei. Akasema, mbona mwanzo hori la juu lilikuwa na fedha kutushinda sisi? Ilikwenda wapi? Au maabara inabadilisha majibu mpaka ipate inalolipenda? Watu wakaanza kunong'onezana. Profesa akanitazama, kwa kuwa ulimwambia habari ya sarafu haisomwi mpaka mwenyewe aridhie. Mimi nikainuka. Nilikuwa nakwenda kusema nilichanganya chupa, nakuambia kweli, mdomo nilikwisha kuufungua.

Bi Mariama akanivuta nguo nikakaa. Akasimama yeye.

Alikwenda mpaka meza ya meya, hakuharakisha, akafungua fundo la lamba yake, ile shuka ya kujitanda, akaitoa sarafu akaiweka mezani. Akasema kwa Kisakalava, taratibu, mkalimani akimfuata kwa Kifaransa: "Fedha mnayoitafuta ni hii. Ni ya mama yangu na ya mama yake. Mimi nikihitaji maji naomba ruhusa kwa wenyewe, naitia ndani ya ndoo jioni." Mkurugenzi akatabasamu, dada. Nilitaka kulia. Bi Mariama akamgeukia, akamwambia: "Na asubuhi naitoa. Wewe itoe ya kwako."

Meya aliichukua sarafu akaigeuza, akaitazama upande wa pili, akamrudishia kwa mikono miwili. Kisha akamwuliza mkurugenzi kama anaweza kuzitoa chembe zake horini. Yule bwana akasema kitaalamu haiwezekani. Meya akasema basi zisiingie. Bomba limefungwa kwa amri tangu Jumatatu, na hoteli itarudi kwenye taulo za kawaida mpaka wachimbe bwawa la kusafishia maji ya dobi, na maabara yenu ndiyo itakayopima kila mwezi. Wale wawili wa nyuma walinifuata nje wakauliza kama kamba zao bado zipo. Nikawaambia zipo, nilizikunja mwenyewe.

Mwambie baba yetu Mzee Soudjay, kama utapata nafasi nzuri, kwamba watu wanaosalimia maji wanamsalimu na yeye.

Chupa za kwanza za kila mwezi ziko ndani ya boksi. Za hori la hoteli utakuta kitu, nakuambia mapema usije ukaniandikia barua nyingine kama ile ya Mei. Tangu hoteli ijengwe Bi Mariama alikuwa ameliacha hori lile, akisema hakuna wa kumwomba ruhusa mahali ambapo hakuna aliyeomba. Jana jioni alishuka huko na ndoo iliyolala na sarafu, akaomba ruhusa, akaimwaga horini. Nimechota mbali naye kadiri nilivyoweza, lakini maji hayana ukuta. Kwa hiyo ukiona fedha kidogo inayopita chujio, na shaba iko ubavuni mwake, usiulize nani amevaa pete. Iandike tu kwamba ni ya kwetu.

Mdogo wako,
Ansoifa